Keki za siku ya posho zisiondolewe



Katika mukutano wa wanafunzi wa mwezi uliopita kulisemwa neno moja ambalo tangu siku ile halijatoka mu vichwa vyetu. Ndugu mumoja alisimama, akasema: «Ile kazi ya kupika keki siku ya posho, iondolewe. Inakula makala bure, inakula saa bure, na tena ni mambo ya wasichana. Mwanafunzi wa sita ashike kitabu, asishike mwiko.» Wengi walipiga mikono. Bwana Prefe alijibu kwamba hatakata neno upesi, na kwamba kila mwenye wazo lake aliandike mu gazeti letu. Ndiyo maana sisi hawa, watu tisa wa kilasi ya sita, wavulana watano na wasichana wane, tulikaa pamoja tukaandika. Jibu letu ni moja: keki zisiondolewe.

Labda wengine hawajui tunasema juu ya nini, sababu wanaona paka keki zenyewe saa kumi, hawaoni kazi. Basi tuanze kule.

Siku ya posho maharagi inapikwa tangu asubui, na maharagi haina haraka. Ikitoka ku moto saa sita, mu mbabula kubwa munabaki makala mekundu mengi. Zamani mupishi alikuwa anayamwangia maji. Sasa sisi tunayachukua. Tuko na sufuria moja ya zamani, iliyotoboka kidogo, haifai tena kwa chai. Ndani yake tunatia muchanga mukavu, urefu wa vidole vitatu hivi, tunafunika, tunaacha muchanga upate moto. Ile njo furu yetu. Hakuna ingine.

Wakati muchanga unapata moto, wengine wanatayarisha unga. Kipimo chetu ni bilauri moja ya chai, ileile kila mara, kwa sababu mutu akibadilisha bilauri katikati ya kazi, keki zinakasirika. Unga wa ngano bilauri tatu, sukari moja, mafuta nusu, maziwa moja, mayai mawili, chumvi kidogo sana, na vijiko vidogo vitatu vya levire ya keki. Maziwa ikikosa, tunaponda ndizi mbili tatu zilizoiva sana, zile zenye ngozi nyeusi ambazo hakuna mutu anazitaka ku soko. Na kusema kweli, wengi wetu tunapenda zaidi zile za ndizi.

Kisha viungo. Tangawisi ni ya kwetu, inalimwa na wazazi wetu, mama anaitia mu chai na hakuna mutu anayeshangaa. Ngano pia inajua milima yetu ya Lubero, ingawa unga mwingi wa mu duka unatoka mbali. Lakini mudalasini na karafuu, hizi ni za safari. Karafuu za Zanzibar na Pemba zinajulikana dunia nzima. Na siku moja mwalimu wa historia alipita karibu na furu, akanusa, akatuambia tukumbuke kwamba Kiswahili hiki tunachoandika nacho kilipanda mu Kongo kwa njia ya misafara iliyotoka pwani ileile, ikafika mpaka Kasongo na Nyangwe mu karne ya 19. Alisema pia kwamba njia ile ilipitisha pembe za tembo na watu waliofungwa minyororo. Alisema vile, akaenda zake, akatuachia mikono yetu mu kinu. Tulitwanga kimya kwa muda.

Karafuu ni bwana mukali. Mbili au tatu zinatosha kwa keki zote. Ukizidisha, mudomo unakufa ganzi kama ku dokta wa meno, na hii si mufano wa kuchekesha: mafuta ya karafuu madokta wa meno wanayatumia kweli.

Sasa tunafika ku fasi ya majaribu. Vitu vikavu viko mu bakuli moja, vitu vya maji mu bakuli ingine. Unamwanga maji katikati ya unga, unageuza na mwiko mara kumi, mara kumi na tano, basi. Unaona vidonge vya unga bado viko, roho inakuambia: geuza tena, iwe laini sawa uji. Usisikie! Mutu akigeuza sana, keki inatoka ngumu kama mupira wa kiatu. Bwana wa kemia alitueleza sababu yake. Ngano iko na kitu kinachoitwa gluteni, na kadiri unavyoipiga na kuikoroga, ndivyo inavyoshikana kama kamba. Kwa mukate njo vizuri, kwa keki njo mubaya. Na ile levire, ikishikwa na maji inaanza kutoa gazi karboniki palepale. Ukianza kupiga masolo na wenzako, gazi inakwenda zake hewani na keki inalala.

Tunatia unga ule mu mikebe ya tomati na ya sardini, iliyosafishwa, iliyopigwa mudomo wake na jiwe isikate vidole, iliyopakwa mafuta. Mukebe haujazwi mpaka juu. Unapita nusu kidogo, basi. Tunaipanga juu ya muchanga, tunafunika, kisha tunatia makala juu ya mufuniko: mengi juu, machache chini. Asiyejua hili anaunguza matako ya keki na kuacha kichwa kibichi. Sisi tulifanya vile mara tatu mbele ya kuelewa.

Na sasa hakuna kazi tena. Ni kungojea, dakika 25 hivi. Kufunua mbele ya dakika 20 ni katazo, sababu baridi ikiingia, keki zinaanguka katikati. Huwezi kuona kitu. Unasikia paka na pua. Kwanza inakuja tangawisi. Nyuma yake sukari. Nyuma ya sukari kunakuja harufu ingine, ile ya ganda la mukate, na pale mukubwa wa saa anasema: «Bado kidogo.» Harufu ile na rangi ile ya kahawia, Mufaransa mumoja mwenye elimu ya kemia, Louis-Camille Maillard, aliandika juu yake mwaka 1912, inatoka sukari na protini zikikutana mu moto mukali. Lakini mbele ya kujua jina lake sisi tulikuwa tunaipenda tayari.

Wasomaji, ni juu ya zile dakika 25 tunataka kusema.

Sisi wa sita tunajua ginsi usiku ulivyo mu mwaka wa Egzamini ya Serikali. Mutu analala na kitabu kifuani. Saa nane ya usiku anaamuka, moyo unapiga mbio, anadhani amesahau kila kitu tangu kilasi ya kwanza. Asubui anakasirikia ndoo, anakasirikia kiatu, anakasirikia ndugu aliyelala kitanda cha juu. Tukimuambia «tuliza roho», anatuliza wapi? Roho si redio, ufunge kifungo inyamaze. Lakini mupe kinu. Mupe tangawisi. Muambie ahesabu mara kumi na tano, asipite. Tumeona kwa macho yetu: mikono ikipata kazi ndogo ambayo inajua mwisho wake, kichwa nacho kinashuka polepole kutoka kule juu kilikopanda. Wawili wetu walioandika hii waligombana siku ya tano mpaka wakaitwa ku biro ya mwangalizi. Siku ya posho mumoja alikuwa anageuza na mwingine anamushikia bakuli, na hakuna aliyeomba mwenzake radhi kwa maneno. Walikuwa na lazima ya kuhesabu pamoja.

Tena kuna neno lingine, na hili tumeliandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina lake tunaliacha. Alifika hapa mwaka 2024, nyuma ya Kanyabayonga kukamatwa mu mwezi wa sita. Alikuwa haongei. Kitu kikianguka mu kilasi, yeye yuko chini ya meza tayari. Muchungaji aliomba pamoja naye, na ilikuwa vizuri. Walimu walimuita polepole, na ilikuwa vizuri. Lakini siku ya kwanza alipotamka maneno marefu, alikuwa amesimama kando ya furu, mikono nyuma, akitutazama tunatwanga tangawisi na maganda yake. Akasema: «Kwetu mama haitwangi vile. Anaiparuza kwanza na kijiko, ganda linatoka lenyewe.» Akachukua kijiko, akatuonyesha. Ni kweli, ganda linatoka lenyewe. Tangu siku ile yeye njo mukubwa wa tangawisi, na hakuna mutu anayegusa mbele yake. Hatusemi kwamba keki ilimuponyesha. Kuna usiku bado anaamuka. Tunasema paka kile tulichoona.

Ndugu wa mukutano aliongeza kwamba shule ya Kikristo haifai kufundisha watu kupenda tumbo. Akataja Marta na Maria, Luka 10. Tulisoma tena sura ile. Marta hakukemewa kwa sababu ya kupika. Alikemewa kwa sababu ya kuhangaika na kusumbuka na mambo mengi. Basi mwenye kutaka kumuona Marta asije ku furu yetu, sababu kule hakuna anayehangaika. Aende mu chumba cha kujifunzia usiku wa mbele ya egzamini.

Na kama tunasoma Biblia, tusome yote. Tufungue 1 Wafalme 19. Eliya amemukimbia Yezebeli, amekwenda mwendo wa siku moja mu jangwa, ameanguka chini ya muti, ameomba kufa. Nabii mukubwa vile! Mungu alimutumia malaika. Malaika hakumuhubiri. Hakumuuliza kwa nini imani imepungua, wala hakumuonyesha orodha ya wenzake walio na nguvu kumupita. Alimugusa, akamuambia aamuke ale, na pale karibu na kichwa chake kulikuwa mukate uliopikwa juu ya makala ya moto, na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile. Kwenda Horebu na kusikia ile sauti ndogo, ilikuja kisha. Tumesikia mahubiri mengi juu ya sauti ile ndogo. Juu ya mukate ule hatujasikia hata moja, na tunaomba wahubiri wetu watusamehe kwa kusema hivi.

Tuje ku neno la wasichana. Hapa dada zetu wane waliomba kalamu. Wanasema: kama kupika ni kazi ya wasichana, mbona mu furu nyingi za mikate za muji, wanaosimama mbele ya moto usiku ni wanaume? Kwa hiyo si mwiko unaoharibu uvulana. Ni mwiko usiolipwa ndio watu wanaukataa. Na tena wanasema: nyumbani wao wanateka maji, wanapika, wanaosha, kisha wanafungua kitabu wakati ndugu zao walianza kusoma tangu jua liko juu. Siku ya posho njo siku moja tu wanapopika bila kutumwa, na wavulana wako kando yao na unga mu nywele. Sisi watano tulinyamaza kidogo waliposema vile. Hatukuwa na jibu.

Lakini juu ya makala, ndugu yetu alisema kweli, na hatutaki kumushinda kwa kelele. Makala ni bei kali kwa kila nyumba. Na tunajua inatoka wapi. Mu Kivu ya Kaskazini mingi inakatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyowekwa mwaka 1925 mbele ya hifadhi zingine zote za taifa mu Afrika. Mwaka 2007 masokwe wa mulimani waliuawa mule kwa risasi, na biashara ya makala ilitajwa mu habari ile. Mutu akituambia kwamba furaha yetu ya dakika 25 inakula muti mumoja wa Virunga, hatuwezi kucheka. Kwa hiyo tunakubali sheria hii iandikwe: makala mapya hayaguswi hata moja. Ni yale yanayobaki chini ya maharagi, basi. Kama yamebaki machache, hakuna keki siku ile, na mutu asinune. Na badala ya kila siku ya posho, iwe mara mbili kwa mwezi.

Kuna makosa mawili ambayo ndugu yetu hakuyataja, labda kwa sababu ya upole, na sisi tunayataja wenyewe.

La kwanza ni la mwezi wa kumi na moja. Mvula ilinyesha kwa nguvu, furu ilikuwa inje, nasi hatukutaka unga upotee. Tukaingiza mbabula mu chumba kidogo cha vyombo, tukafunga mulango upepo usiingie. Nyuma ya muda wawili wetu walianza kuumwa kichwa, mumoja akakaa chini miguu haina nguvu. Mwangalizi alisukuma mulango akatutoa kama mbuzi, tena kwa matusi machache ambayo tumemusamehe. Ilikuwa oksidi ya karboni, gazi ya makala inayoua mutu bila kumupa harufu wala moshi. Tangu pale hakuna moto ndani ya nyumba, hata mvula inyeshe siku arobaini. Wadogo wetu wa kilasi ya kwanza, shikeni hili neno hata kama keki hamuzipendi.

La pili linatupa haya zaidi. Mu mwezi wa pili sukari ilikosa, tukaomba kila mutu alete franka kidogo. Walioleta walikula. Wasioleta walisimama kando ya ukuta wakinusa. Kisha wenzetu fulani waliuza keki zilizobaki ku wale wa kilasi za chini, na sisi tulijua, tukanyamaza, kwa sababu keki moja moja ilitufikia pia. Kama Bwana Prefe angeondoa keki juu ya siku ile, tusingeandika hata mustari mumoja. Keki yenye harufu mu kiwanja kizima si jambo la watu watatu. Wale wa ukuta, wengine wao hawakukula asubui ile, na harufu ya mudalasini kwa mutu mwenye njaa haitulizi roho, inaikata.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Mwenye franka alete, asiyekuwa nayo alete mikono: kuna muchanga wa kuchekecha, mikebe ya kuosha, maji ya kuteka, na kinu kinangojea kila mara. Keki zinahesabiwa mbele ya wote na zinakatwa vipande mpaka kila aliyekuwepo apate, hata kama kipande ni kidogo sawa kidole gumba. Kuuza, hapana. Mupishi na mwangalizi wanapewa wa kwanza, sababu bila maharagi ya mumoja na macho ya mwingine hakungekuwa kitu.

Mwalimu mumoja alituuliza mu njia: «Na kwa nini msinunue biskwi mu duka? Iko tamu vilevile.» Mwalimu, kwa heshima yako yote, biskwi ya duka inaliwa mu dakika moja, mutu amesimama, anaongea na mwingine, hajui hata amekula ngapi. Hii yetu tumeijua tangu ilipokuwa ganda la tangawisi. Ikitoka, tunaipindua mukebe, tunaigonga chini, inaanguka mu kiganja na inaunguza, mutu anairusha mukono huu mukono ule, na anapuliza. Hakuna anayeimeza haraka, maana haimezeki.

Siku ya posho ijayo, kama Bwana Prefe hajakataa, furu itawashwa nyuma ya maharagi. Mwenye mukebe mutupu wa tomati aulete, usiwe na kutu. Tangawisi tunayo. Karafuu zimebaki tano. Unahitajika unga, na ndizi zenye ngozi nyeusi kama muko nazo kwenu. Na yule ndugu aliyesema mu mukutano, tunamualika mbele ya wote. Tumemuwekea mwiko ule mukubwa, ahesabu mara kumi na tano.